Bei Tatu za Bangili Nne: Nilivyokuja Kuwa Mthamini wa Vito

Nilianza kusomea vito kwa kuuza vya kwangu. Zilikuwa bangili nne za karati 22, gramu 44 kwa jumla, ambazo mama na mashangazi walinitunza siku ya harusi baada ya kucheza upatu karibu mwaka mzima. Mwaka 2014 nilikuwa muuzaji katika duka la sonara Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya kozi fupi Arusha, ada sina.

Risiti aliyopewa mama ilisema milioni 3 na laki 3. Sonara niliyemwendea (kwa bosi wangu sikutaka, niliona aibu) alizisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali kwenye mchoro, akapima, akatoa kidogo kwa ajili ya sehemu zilizolehemiwa, kisha akataja milioni 2 na laki 3. Mkopeshaji wa rehani mtaa wa pili hata kuzisugua hakuzisugua. Alizipimapima kiganjani akasema atanikopesha milioni 1 na nusu, nikishindwa kulipa zinabaki kwake.

Siku moja, bangili zilezile, bei tatu. Nilirudi kwa sonara nikauza huku nimenuna, nikiamini mmoja kati yao ni mwizi, pengine wote. Sikukaa nikajiuliza kwa nini watu watatu wanaojua kazi yao wamepishana kiasi kile. Jibu lilikuwa mkononi mwangu siku hiyo, nami nikalipita. Miaka mitano baadaye lilinigharimu, na si mimi peke yangu.

Kilichonisukuma ni kaunta. Mteja alikuwa anafungua leso, anatoa mkufu wa marehemu bibi yake, ananiuliza, "Dada, hii ina thamani gani?" Nami nakimbia nyuma kumuuliza bosi, narudi na tarakimu kama kasuku. Siku nyingine bosi hayupo, najibu mwenyewe. Kijana mmoja alileta pete aliyoagiza mtandaoni, anataka kuposa wiki ile. Nikachukua kalamu ya kupimia almasi, nikagusa jiwe, kalamu ikalia. Nikampa hongera: almasi hiyo. Akatoka anacheka.

Fundi wetu wa nyuma, mzee aliyejifunzia usonara Zanzibar akiwa mtoto, alikuwa ameiona ile pete wakati kijana anaivua. Akaniuliza, "Mwanangu, ulilitazama kwa lenzi?" Sikulitazama. Akanieleza kwamba kalamu ile hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, inapitisha joto vizuri kiasi cha kuihadaa. Ulitazame jiwe kwa lenzi, ukiliinamisha kidogo, kingo za chini utaziona mbilimbili, kama mtu aliyelewa anavyoona taa za barabarani. Almasi haina tabia hiyo. Kijana hakuacha namba ya simu. Mpaka leo sijui kama jiwe lile lilikuwa almasi au la, na huyo mchumba, kama alikubali, labda siku moja atalipeleka kwa mtu anayejua kazi.

Basi nikaenda Arusha, Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako wanafundisha kukata na kusanifu vito na kuvitambua. Kwa mtu wa Dar aliyezoea dhahabu, Arusha ni dunia nyingine. Miaka ile barabarani ulikutana na mabroka, yaani madalali wa mawe, wenye karatasi zilizokunjwa mara nne, na ndani ya kila karatasi kulikuwa na tanzanaiti, au kitu kilichoitwa tanzanaiti. Jiwe hili linachimbwa Mirerani tu, chini ya Kilimanjaro. Liligunduliwa mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina mwaka uliofuata. Kwa kuwa ni la kwetu, kila Mtanzania anajiona analijua. Mimi nilikuwa na wiki ya pili tu ya darasa.

Broka mmoja alinifungulia karatasi yake kwenye mwanga wa saa nne asubuhi. Jiwe la bluu ya zambarau, safi, limekatwa vizuri, na ukiligeuza rangi inacheza. Nilijua tayari kwamba tanzanaiti hubadilika rangi kwa jinsi unavyoielekeza, kwa hiyo nikaona nimeshapima. Nilimlipa laki 6. Jumatatu nikaliweka kwenye refraktomita, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, darasani nikiwa na kiherehere cha kuwaonyesha wenzangu. Tanzanaiti inatakiwa isome karibu na 1.69 hadi 1.70, na namba zake mbili zinakaribiana sana. La kwangu lilisoma 1.64 na 1.67. Mwalimu hakunicheka. Alinipa lenzi akasema nihesabu kingo. Zilikuwa mbilimbili, kama za pete ya yule kijana. Forsteraiti ya maabara, jiwe la kutengenezwa linaloiga tanzanaiti.

Bado ninalo. Nalitumia kuwafundishia vijana wanaokuja kujifunza kwangu, na huwa wa kwanza kulitamani. Kama unaanza kazi hii, weka fungu la pesa la kupoteza, kwa sababu utapoteza tu. Ila usinunue jiwe barabarani kabla hujaweza kulipima, na ukishaweza kulipima, kalipime kwanza. Muuzaji anayekataa jiwe lake lipimwe ameshakuambia jina la jiwe hilo.

Hapo Arusha ndipo niliposikia habari za GIA, yaani Gemological Institute of America, na diploma yao ya Graduate Gemologist. Nadharia yake unaweza kuisoma kwa intaneti. Maabara lazima ukae nayo ana kwa ana: kupanga ubora wa almasi, kupanga ubora wa mawe ya rangi, na utambuzi wa vito. Mimi nilichagua kwenda kufanya yangu Bangkok.

Niseme pesa waziwazi, maana watu wengi huanza wakiwa na ada ya kozi ya kwanza tu. Kuanzia Arusha mpaka kumaliza nilitumia kama milioni 24 ndani ya miaka minne, pamoja na nauli na chumba. Zilitoka kwenye bangili, kwenye mkopo wa kikoba, kwenye mshahara wa mume wangu, na kwenye kiwanja cha Kigamboni ambacho mpaka leo shemeji zangu hukitaja kila Idi. Makosa yangu ya kipesa yalikuwa mawili. Nilinunua darubini mapema, ikakaa sandukuni mwaka na nusu kabla sijajua kuitumia. Na nilinunua lenzi ya bei rahisi iliyoandikwa inakuza mara 30. Uongo mtupu. Lenzi hizo mara nyingi hazikuzi kinachoandikwa, na pembezoni zinaweka upinde wa mvua ambao si wa jiwe. Kinachotakiwa ni lenzi ya mara 10 iliyotengenezwa kwa vioo vitatu. Anza na hiyo, mizani nzuri na kibano, kisha refraktomita. Darubini iwe ya mwisho.

Bangkok nakumbuka kwa harufu. Kuna kimiminiko unachoweka tone moja kati ya jiwe na kioo cha refraktomita. Kina harufu ya kiberiti, na kinabaki vidoleni hata ukila wali. Kila siku mawe, kutwa nzima. Unaliosha jiwe, unalitazama, unapima, unaandika, unaweka chini, unachukua lingine. Jioni napiga simu nyumbani, mwanangu anauliza, "Mama, leo umeona mangapi?" badala ya shikamoo.

Mwisho wa utambuzi wa vito kuna mtihani ambao kila aliyepita GIA atakusimulia: mawe 20, saa 6, na lazima upate yote 20. Asilimia mia. Mara ya kwanza nilipata 19.

Nilijua ni lipi hata kabla sijaambiwa kitu. Lilikuwa jekundu. Vipimo vyote vilisema ni rubi, na vilisema kweli. Ila rubi inayotengenezwa kwa moto, kwa njia ya Mfaransa Verneuil iliyotangazwa mwaka 1902, ni rubi vilevile kwa kila kipimo. Tofauti iko ndani: mistari ya kukua ambayo kwenye ya asili imenyooka, kwenye ya maabara imepinda kama mistari ya santuri. Nilitazama, sikuona mistari yoyote, muda unakwenda, nikaandika "asili". Kutoona nikakufanya ni ushahidi.

Nilimpigia mume wangu. Akanyamaza muda, halafu akauliza, "Kwani huo ni mtihani gani, mtu anapata 19 kati ya 20 wanamwambia amefeli?" Nililia, kisha nikacheka. Nilibaki na pesa ya wiki mbili za chumba, nikahamia kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, nikarudia. Mara ya pili kila jiwe jekundu na kila la bluu nililizamisha kwenye kimiminiko nikalizungusha, nikitafuta mistari, mpaka shingo ikauma. Nikapita.

Nilirudi mwaka 2018 nikiwa na cheti, nikachapisha kadi: *Mthamini wa Vito na Dhahabu*. Kwetu ukisema mthamini, mtu anakuuliza kiwanja chako kiko wapi. Tena hilo si la kuchekea tu: Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na ina bodi yake. Kabla hujachapisha kadi kama mimi, nenda kaulize kazi yako inaangukia wapi na unaruhusiwa kujiitaje. Mimi niliuliza baadaye, na kadi zile sikuzimaliza. Vilevile usichanganye kazi hii na ya wathamini wa serikali kwenye masoko ya madini. Wale wanathamini ili ukokotolewe mrabaha, yaani sehemu ya thamani inayolipwa serikalini, ambao kwa vito ghafi ni asilimia 6. Yetu ni vito vya mtu binafsi, na sababu zake ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Sasa nifike kwenye lile lililonigharimu.

Mwaka 2019 familia moja ilinileta kuthamini vito vya mama yao aliyefariki. Kidani, bangili sita, mikufu, jumla ya gramu 112 za karati 22, na pete moja ya almasi. Watoto wa kiume wawili, wa kike wawili. Nilifanya kazi safi. Nilipima kila kipande mbele yao, nikasugua, nikadondosha tindikali, nikaipima pete kwa lenzi na kwa jeji, yaani kipimo cha milimita. Almasi ya duara ikiwa imeshikwa kwenye pete huwezi kuipima kwenye mizani, unaikadiria: kipenyo mara kipenyo, mara kimo, mara 0.0061. Ile ilikuwa na milimita 6.5 kwa kipenyo na kimo cha milimita 4, ikatoa karati 1.03 (karati ya jiwe ni uzito, si usafi kama ile ya dhahabu). Rangi yake ilielekea njano na ndani ilikuwa na mawingu mengi. Yote hayo niliyaandika vizuri, na nilijivunia sana ile hesabu.

Kisha nikaandika bei. Bei ipi? Ile niliyoizoea kaunta: bei ambayo mtu angelipa dukani akitaka vitu kama vile vipya. Dhahabu laki 1 na elfu 20 kwa gramu, pamoja na ujira wa fundi na faida ya duka, pete milioni 3 na nusu. Karibu milioni 17.

Binti mkubwa akapenda vito vya mama visitoke nje. Akasema vihesabiwe kwenye fungu lake, pesa taslimu wachukue wengine. Sheikh akapiga hesabu ya mirathi kwa kutumia karatasi yangu, wakagawana, wakaombeana dua, wakala pilau. Mimi nililetewa sinia langu.

Miezi minane baadaye binti mkubwa akauguliwa na mume. Akaamua kuuza. Masonara watatu walimpa karibu elfu 80 kwa gramu, na pete hakuna aliyezidisha laki 8. Akauza vyote kwa milioni 9 na laki 7 na ushee. Alikuja kwangu ameshika karatasi yangu, akaiweka mezani, hakupaza sauti. Akasema, "Dada yangu, kaka zangu walichukua milioni za kweli. Mimi nilichukua milioni zako."

Nikaanza kumweleza habari za ujira wa fundi na faida ya duka. Katikati ya sentensi nikajisikia: nilikuwa nasema yaleyale ambayo yule sonara angeniambia mwaka 2014 kama ningemuuliza badala ya kununa. Bangili zangu hazikuwa na mwizi. Risiti ilikuwa bei ya kununua kipya, sonara alitaja bei ya kuyeyusha, mkopeshaji alitaja pesa ambayo hata mimi nikitoroka yeye hapati hasara. Kila mmoja alijibu swali lake. Mimi, mwenye cheti kutoka Bangkok, sikujua kama kuna swali.

Nilimrudishia ada. Nikaandika karatasi mpya yenye bei ya kuuzia sokoni kwa tarehe waliyogawana, na barua ya kukiri kosa kwa ndugu wote. Kaka mmoja alimwongezea dada yake kitu. Mwingine alisema kilichogawanywa kimegawanywa. Sijui kama wanaongea sasa. Kwenye misiba ya mtaani tukikutana, binti mkubwa hunisalimia, nami huitika haraka nikaenda kukaa upande mwingine.

Baada ya hapo nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kadi: nikasomea uthamini wenyewe. Kutambua jiwe ni elimu moja, kulithamini ni nyingine, na ya kwanza haikupi ya pili hata chembe. Wamarekani wana kanuni za uthamini ziitwazo USPAP, na kozi yake ya kuanzia ni ya saa 15. Kwa tofauti ya majira, niliisomea usiku wa manane na kahawa ya tangawizi. Hazikutungwa kwa ajili ya Kariakoo, lakini zinakulazimisha kuandika mambo ambayo hapa kwetu tunayaacha hewani: thamani hii ni ya matumizi gani, ni ya tarehe gani, ya soko gani, nimepima nini na sikuweza kupima nini. Tena zinakataza ada inayotegemea thamani unayoandika. Mimi nilikuwa natoza asilimia mbili. Yaani kadiri nilivyoandika bei kubwa ndivyo nilivyopata zaidi, na sikuwahi kuona ubaya wake, maana ndivyo kila mtu alivyofanya. Sasa natoza kwa kipande na kwa saa. Na kitu nilichokithamini sikinunui, hata mwenyewe akinisihi, maana mthamini mwenye hamu ya kununua mizani yake huwa inapungua yenyewe.

Pwani kwetu sababu za kuthamini zina utamu wake, na hakuna kitabu cha Wazungu kitakachokufundisha zote. Mama mmoja anataka kujua kama dhahabu yake imefika nisabu, yaani kiwango ambacho zaka huanzia. Hapo bei si muhimu kwanza, muhimu ni gramu za dhahabu safi. Nisabu inayohesabiwa na wengi ni gramu 85, na gramu 100 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 91.6 tu. Mimi natoa gramu, basi. Kama vito vya kuvaliwa vinatolewa zaka au havitolewi, hilo ni la sheikh wake na madhehebu yake, silitii mdomo. Siku moja nililitia, nikasababisha mjadala wa saa nzima ofisini kati ya wateja wawili wasiojuana.

Wazee nao wanahesabu kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, na wana pauni. Ile sarafu ya Kiingereza ya karati 22 ina gramu 7.98, na mabibi wengi wameilehemia kikonyo ili ining'inie kwenye mkufu. Kwa mkusanyaji wa sarafu, kikonyo hicho kimeiharibu. Kwa sonara anayenunua uzito haijaharibika sana. Kwa bibi mwenyewe, bila kikonyo ingekuwa haina kazi. Na ukipewa pauni, ipime uzito na kipenyo kabla ya kuipenda, kwa kuwa za kughushi zipo, tena nyingine zimetengenezwa kwa dhahabu kweli.

Mengine ya ofisini niyaseme haraka. Pima kila kitu mbele ya mteja, mwache asome mizani mwenyewe, piga picha kabla hajaondoka, na chora alama za ndani ya jiwe kubwa, ili kesho asije mtu kusema umembadilishia. Kitu kisilale kwako usiku kama unaweza kukwepa. Usiwaambie majirani unathamini nini, wala dereva wa bodaboda anayekupeleka. Jiwe likiwa limeshikwa kwenye pete, andika ubora kwa makadirio, usiandike kana kwamba umelishika mkononi. Tanzanaiti karibu zote zimechomwa ili rangi ya kahawia iondoke. Liandike hilo bila aibu, soko linajua. Kuhusu almasi za maabara, lenzi haitakusaidia, wala kalamu, kwa kuwa ni almasi kweli. Kama thamani ni kubwa, mshauri mteja ipelekwe maabara, na kama hataki, andika kwamba hukuthibitisha asili yake. Mwanzoni nilidhani kuandika "sikuthibitisha" kutanifanya nionekane sijui kazi. Sasa kampuni ya bima ikipokea ripoti isiyo na neno hilo hata mara moja hunipigia kuniuliza kulikoni.

Kazi iliyonipima kuliko mawe 20 ya Bangkok ilikuja mwaka juzi. Msichana wa miaka kama ishirini na minne alileta bangili nene ya bibi yake, aliyekwisha fariki. Alitaka kuiweka rehani apate mtaji wa saluni, na mkopeshaji alimtaka alete karatasi ya mthamini. Bangili nzuri, ya kizamani, imechorwa maua kwa mkono. Nikaisugua kwenye jiwe, nikadondosha tindikali ya karati 22, mchoro ukabaki, dalili ya karati 22. Ingekuwa miaka ya nyuma ningeandika hapohapo. Ila mkononi ilikuwa nyepesi kwa unene wake.

Nilitoa glasi ya maji na uzi. Hewani ilipima gramu 48.6. Ndani ya maji, ikining'inia bila kugusa glasi, 44.4. Tofauti 4.2. Gawanya 48.6 kwa 4.2: 11.57, yaani uzito wake ni mara 11.57 ya maji ya ujazo uleule. Karati 22 inatakiwa ikae kati ya 17 na 18. Nikarudia mara tatu, nikabadilisha uzi. 11.57 tena. Nikamwomba ruhusa nikwangue kidogo upande wa ndani, pasipoonekana. Akakubali. Tupa ilipita kwenye njano mara nne, ya tano ikatoa weupe. Fedha, imevikwa dhahabu nene.

Nilimwonyesha kwa lenzi. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Bibi alituambia hii ndiyo iliyomtoa Pemba." Nikamwambia inawezekana kabisa. Akaniomba niandike uzito tu, gramu 48.6, nisitaje ni madini gani, mkopeshaji atajijazia mwenyewe. Aliomba kwa adabu, macho yamemjaa, na nilikuwa na bangili zangu nne kichwani muda wote ule. Nilimwambia siwezi. Nikamwandikia kilichokuwepo: fedha iliyovikwa dhahabu, kazi ya mkono, thamani ya kuuza, ambayo haikufika hata robo ya alichotarajia. Ada nilimsamehe, jambo ambalo siwashauri wengine kuliiga kila siku.

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Bangili hakuitia. Aliivaa palepale, akaisukuma mpaka ikapita kifundo, akaaga. Mlangoni iligonga kitasa, akageuka kuitazama kama imeumia.